Mume wangu baharia anataka kuninunulia gitaa la karibu laki nne, na moyo wangu umegawanyika

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni. Asubuhi nafundisha chekechea, jioni napiga gitaa na kuimba katika hoteli za Nyali na Shanzu, na msimu wa harusi ukiingia hualikwa huku na huku. Hotelini napiga peke yangu, kando ya bwawa la kuogelea au pale wageni wanapokula. Malipo si makubwa, lakini yanalipa karo, na baba watoto akichelewa kutuma hatulali njaa.

Gitaa langu ni Yamaha F310. Nililinunua mwenyewe kwa shilingi elfu kumi na nane kabla sijaolewa. Pale mkono wa kulia unapolala rangi imefifia, na mvua imelinyeshea mara kadhaa kwenye foleni ya feri. Halijawahi kuniaibisha mbele ya watu.

Mume wangu anafanya kazi jikoni kwenye meli ya watalii. Mkataba wake ni miezi tisa baharini, kisha anakuja nyumbani miezi miwili. Sasa hivi wako upande wa Karibiani na meli hurudi Miami mara kwa mara. Humo melini amefanya urafiki na mpiga gitaa wa bendi, na huyo bwana amemwambia kwamba gitaa kama langu ni la watoto kujifunzia, kwamba mtu anayekula kwa muziki apige Martin, Taylor au Gibson, basi. Tangu siku hiyo mume wangu hana jingine. Kila akipata mtandao ananitumia picha za magitaa. Sasa ameshachagua: Martin D-18, karibu dola 3,000. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya laki tatu na themanini. Anasema atalinunua kabla mkataba haujaisha, aje nalo Desemba.

Bi Mshauri, nyumba yetu ya Ng'ombeni imefika lenta, ikasimama hapo hapo. Mabati hatujanunua. Mama mkwe ndiye anayesimamia mafundi, na habari hii hajaisikia. Hajawahi kunikataza kwenda kupiga, ila jioni akiniona nimelibeba gitaa mgongoni huuliza tu, "Leo tena?" Siku atakayojua kwamba mwanawe ameacha kuezeka akamnunulia mkewe gitaa, sijui nitauweka wapi uso wangu.

Ningekuwa silitaki, ningemkatalia nikalala. Lakini nalitaka. Mwaka jana mzee mmoja Mholanzi alikuja hotelini na Martin yake, akaniruhusu nipige nyimbo mbili. Nilipiga G ya kawaida tu, nyuzi zote kwa pamoja. Nyuzi nene zilivuma hadi nikazihisi kifuani, na nyembamba zikasikika kila mmoja peke yake, bila kuvurugana. Vidole havikuuma kabisa. Niliporudi kwa gitaa langu nilisikia sauti fupi, imezibika. Habari hiyo sijamwambia mume wangu, kwa sababu nikimwambia atalinunua kesho.

Tena naogopa. Nitavukaje feri na kitu cha bei hiyo mgongoni? Na nikimwambia asinunue, ataona simthamini. Aliwahi kuniambia kwamba mtoto wetu wa pili alizaliwa yeye yuko baharini, maziko ya babangu yalimpita, kila jambo linampita, na anataka kitu kimoja alichonifanyia ambacho nitakishika kila siku. Mtu aliyesema hivyo namkataliaje? Rafiki yangu anayepiga kinanda kanisani ananiambia gitaa ni gitaa, mgeni anayekula kamba wa kukaanga hawezi kujua tofauti. Ni kweli? Au gitaa la bei nafuu linanirudisha nyuma na mimi sijui?

Mpiga Gitaa, Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ina maswali mawili yaliyoshikana na kila nikilivuta moja naliona la pili linakuja nalo. Unauliza kama gitaa ghali lina tofauti ya kweli na gitaa la bei nafuu. Halafu unauliza utamwambiaje mume asinunue zawadi, huku moyo wako wenyewe unaitamani. Niruhusu nianze na gitaa, ambalo ndilo jepesi. Nimemkalisha chini fundi mmoja wa hapa mjini ambaye amekarabati magitaa ya bendi za hoteli tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mengi ya hapa chini nimeyapata kwake.

Kwanza, rafiki yako wa kinanda amekosea, na yule mpiga gitaa wa melini naye amekosea. Tofauti ipo. Kifua cha F310, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, ni plaiwudi: tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Kifua cha D-18 ni sprusi nzima, mbao halisi isiyo na tabaka, na mgongo na ubavu wake ni mahogani nzima. Ndani kuna mbavu nyembamba za mbao zilizochongwa ili kifua kiwe chepesi na kitikisike kwa urahisi, lakini kisipasuke kwa mvuto wa nyuzi. Ndiyo maana G yako ya yule Mholanzi ilikufika kifuani. Martin wamekuwa wakitengeneza magitaa tangu 1833, wanajua wanachofanya. Umbo lenyewe pana, lile waliloanza kulitengeneza 1916 na kulipa jina la manowari ya Kiingereza, limeigwa dunia nzima. Hata Yamaha yako imelifuata. (Mwambie mume wako hilo la manowari, baharia atalipenda.)

Ila kuna jambo sijalielewa katika kisa cha usiku ule. Unasema vidole havikuuma. Vidole kutouma hakuletwi na mbao ya bei ghali, kunaletwa na nyuzi kukaa karibu na shingo. Chukua rula ya mmoja wa wanafunzi wako, uisimamishe kwenye freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo), upime uwazi ulio kati ya freti na uzi ule mnene kabisa. Ukiwa karibu na milimita 2.5, uko sawa. Ukifika 4, umekuwa ukipigana na gitaa lako kila jioni, wala kosa si la bei yake. Fundi huirekebisha kwa kukwangua kile kipande cheupe kinachokaliwa na nyuzi kwenye daraja, na kukaza chuma kilichofichwa ndani ya shingo. Ni kazi ya saa chache. Magitaa ya bei nafuu hutoka kiwandani yakiwa hayajafanyiwa marekebisho hayo kwa makini, na wenye nayo hupiga miaka wakidhani ndivyo yalivyo.

Halafu nyuzi. Zako zilikuwa na muda gani siku ile? Kwa hewa yetu ya chumvi, na jasho, na upepo wa kule kivukoni, nyuzi za bronzi hufa upesi. Huanza kwa kuwa nyeusi chini ya vidole, kisha sauti inakuwa hiyo hiyo uliyoieleza, fupi na iliyozibika. Yule mzee alikuwa msafiri mwenye gitaa analolipenda. Yaelekea nyuzi zake zilikuwa mpya. Sisemi kwamba sikio lako lilikudanganya. Ninauliza tu ni kiasi gani cha ulichosikia kilikuwa Martin, na kiasi gani kilikuwa nyuzi mpya na mkono wa fundi. Mimi sijui, na wewe hutajua mpaka ulipeleke lako kwa fundi, likarekebishwe na kuvishwa nyuzi mpya, zile zilizopakwa utando wa kuzuia kutu. Utatumia elfu chache.

Kuhusu mbao zenyewe kuna utafiti ninaoupenda. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyotengenezwa na fundi mmoja, yakifanana kwa kila kitu isipokuwa mbao ya mgongo na ubavu. Moja lilikuwa na mbao adimu ya Brazili ambayo biashara yake ya kimataifa imebanwa tangu 1992, jingine mahogani, na nyingine za bei ya chini zaidi. Wapiga gitaa 52 walivalishwa miwani ya giza ili wasione wanachokishika, wakapiga, wakatoa alama. Alama zilikaribiana mno, mbao adimu haikuwashinda wenzake. Lakini tusilikimbilie jaribio hilo kupita kiasi. Yote sita yalikuwa na kifua cha mbao nzima, yote yametoka mkononi mwa fundi hodari. Halisemi kwamba plaiwudi ni sawa na sprusi. Linachodokeza ni kwamba pesa inayoongezwa kwa ajili ya mbao adimu ya mgongo na ubavu hulipia zaidi uadimu na uzuri wa macho. Ile mpingo wanayochonga wachongaji wa Changamwe, ndiyo hiyo hiyo huwekwa mgongoni mwa baadhi ya magitaa ya bei ya kutisha huko Marekani.

Fundi wangu aliniambia hivi: ukitoka gitaa la elfu nane kwenda la elfu arubaini, umepanda ngazi ndefu. Ukitoka la elfu arubaini kwenda la laki nne umepanda pia, ila ngazi hiyo ni fupi kuliko bei inavyodai. Ninamwamini.

Sasa tuje Mombasa, maana D-18 haitaishi Pennsylvania inakotengenezwa. Watengenezaji wa magitaa ya mbao nzima hushauri yakae mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Kwetu mara nyingi unyevu unapita 70, na masika ndiyo usiseme. Unaujua mlango wa mbao unaogoma kufunga mwezi wa Mei? Kifua cha sprusi nzima hufanya vivyo hivyo: kinavuta unyevu, kinavimba, daraja linainuka, nyuzi zinapanda, na ule urahisi wa vidole unatoweka. Kisha unaingia ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, mbao inaanza kukauka. Kisha unatoka tena kwenda kando ya bwawa. Plaiwudi yako, kwa sababu tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, haihangaiki sana na mambo hayo. Ndiyo maana imenyeshewa kivukoni na bado inaimba.

Hiyo haina maana kwamba Martin haiwezi kuishi pwani. Wapo wanaozitunza. Ila utunzaji wake ni kazi: kasha gumu linalofungwa kila baada ya kupiga, vipakiti vya kudhibiti unyevu ndani ya kasha, kipimo kidogo cha unyevu, na kutoliacha kwenye tuktuk lililoegeshwa juani. Na kasha gumu ni zito, si mkoba wa kuning'iniza mgongoni. Jiulize utalibebaje kwenye msongamano wa feri saa kumi na moja jioni, na utalilaza wapi ukirudi saa tano usiku. Waranti za kampuni hizi kwa kawaida hazifidii uharibifu wa unyevu na joto.

Na kuna hili la spika. Hotelini hupigi bila kipaza sauti, sivyo? D-18 ya kawaida haiji na kinasa sauti ndani, yaani kile kifaa kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye spika, utalazimika kuongeza. Na sauti ikishapita kwenye kinasa sauti cha chini ya daraja, ikaingia kwenye spika za hoteli, mbao nyingi nzuri hubaki njiani. Hapo rafiki yako wa kinanda ana hoja yake: mgeni wa kamba wa kukaanga atasikia uimbaji wako kwanza, spika pili, na gitaa baadaye. Wewe mwenyewe, uliyelikumbatia, ndiye utakayesikia zaidi. Je, hilo ni jambo dogo? Sidhani. Mwanamuziki akifurahia anachokisikia hupiga vingine. Kama mume wako anataka kukununulia furaha hiyo, nisingeiita israfu haraka haraka.

Kati ya F310 na D-18 kuna magitaa ambayo barua yako haikuyataja. Yamaha hao hao wana FG800, yenye kifua cha sprusi nzima na mgongo usio wa mbao nzima, na Marekani huuzwa dola mia mbili na kitu. Taylor wana magitaa yanayotengenezwa Tecate, Meksiko, kifua mbao nzima, mgongo wa tabaka. Martin wenyewe wana msururu wa X kutoka Meksiko, ambao mgongo na ubavu wake ni malighafi ya karatasi na gundi iliyoshindiliwa kwa joto, hauogopi sana unyevu wetu, na bei yake ni chini ya dola 1,000. Jina la Martin liko pale kichwani mwa shingo. Hatari ya njia hii ya katikati ni kwamba inaweza isimridhishe yeyote: wewe utaendelea kuikumbuka ile G, naye ataona amekununulia nusu ya alichokusudia. Na unaweza kujikuta mwaka ujao mnalizungumza tena jambo lile lile.

Ukikubali D-18, hatari umeziona mwenyewe, ila niongeze moja. Watu husema Martin haipotezi thamani. Ni kweli mahali penye wanunuzi. Likoni utamuuzia nani kwa laki tatu siku ya shida? Ukikataa kabisa, mabati yatapatikana, lakini utabaki na hamu ambayo hukuitamka, na yeye atabaki na zawadi iliyokataliwa bila kujua sababu.

Hapo ndipo ninapomfikia mume wako. Umeandika kwamba ukimwambia habari za Mholanzi, atanunua kesho. Una hakika? Mtu huyu anasikiliza maneno ya mpiga gitaa wa melini, ambaye hufanya kazi ndani ya kiyoyozi na hajawahi kukuona ukivuka feri. Maneno yako wewe hajayapata. Hajui unalitaka. Hajui unaliogopa. Na kuhusu lenta sijui mmezungumza kiasi gani. Umemlinda asijue mambo yote mawili, na sasa anaamua akiwa gizani huku wewe unangoja. Ungemwambia yote kwa pamoja, bila kuchuja, kwamba nililipiga na nikalipenda, na kwamba naogopa kulibeba, na kwamba nyumba haina paa, huenda asifanye unachodhani atafanya. Anaweza kununua hata hivyo. Lakini atakuwa amenunua akijua.

Yale maneno yake kuhusu kitu utakachokishika kila siku yamenigusa. Sijui kama ameamua lazima kiwe cha dola 3,000, au bei imekuwa kubwa kwa sababu aliyoyakosa ni makubwa. Muulize kwa upole, si kwa simu ya haraka akiwa zamu. Mtumie ujumbe wa sauti mrefu ausikilize akiwa amelala kitandani kwake. Tena mpigie wimbo ndani ya ujumbe huo, kwa F310 iliyotoka kwa fundi. Sikushawishi aone halina kasoro. Nataka tu asikie kile anachotaka kukibadilisha.

Mama mkwe nisimguse sana. "Leo tena?" inaweza kuwa lawama, na inaweza kuwa mtu mzima anayekuona umechoka. Wewe unamjua, mimi simjui. Ila habari ya gitaa, likija au lisije, asiisikie kwa fundi wa mabati. Aliyestahili kumwambia ni mwanawe, kwa sababu pesa ni zake na wazo ni lake, na usikubali kubebeshwa ujumbe huo.

Mkikubaliana asubiri hadi Desemba, mje mjaribu pamoja yaliyopo Nairobi au hapa, mtapoteza bei ya Marekani lakini mtapata vidole vyako kuwa mashahidi. Mkikubaliana anunue huko huko, aulize dukani masharti ya kurudisha bidhaa kabla hajalipa. Maduka mengi ya Marekani hupokea gitaa likirudishwa ndani ya muda fulani, lakini muda huo utaisha yeye yuko katikati ya bahari na gitaa wewe hujaligusa. Ahesabu pia ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 juu ya ile bei, na alegeze nyuzi kidogo kabla ya kupanda ndege. Risiti aiweke karibu, wataiulizia uwanjani.